Kwa Mama Mkwe, na Ile Nyonga ya Kugeuka

Mpendwa mama mkwe,

Barua haina uso, kwa hiyo natumaini hutalazimika kuinuka na kuzunguka nyuma ya ghala kabla sijaimaliza. Kaa tu. Nami nitakaa huku kwangu Kiboko, mbali nawe kiasi cha heshima, nikuambie yale ambayo miaka yote nilikuwa nikiyatuma kwa mdomo wa binti yako Mwikali, yakikufikia yameshapungua chumvi njiani.

Jina lako sitaliandika. Hata binti yetu wa pili, aliyepewa jina hilo, mimi humwita Mami, na mwalimu wake aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimesahau jina la mtoto. Na kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu wasiotoka Ukambani, niwaeleze kidogo. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya wakwe, hasa kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na kwa watu wa rika lako, wakikutana njiani mmoja hugeuka akaacha njia. Vijana wa siku hizi wameilegeza hadi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Wewe hukulegeza hata uzi mmoja.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwako ni mgongo. Ilikuwa siku niliyokuja kwenu Ikutha na wazee wangu, tumeleta mbuzi wa kumposa Mwikali. Ulikuwa unatoka jikoni na sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, leso ya manjano kiunoni. Uliponiona ukageuka na sufuria yako, mvuke wote ukakufuata ndani. Nilimnong'oneza Mwikali, "Mama amenikataa?" Akacheka hadi akashika ukuta. "Amekukubali. Angekukataa angekuangalia."

Basi nikakujua kwa mgongo. Watu wengine wanamjua mtu kwa macho yake na meno yake, mimi nilikujua kwa mabega, kwa visigino, kwa jinsi ulivyokuwa ukiondoka. Na ndiyo maana mimi ndiye niliyeona kabla ya watoto wako wote. Kila ulipokanyaga mguu wa kulia, upande wa pili wa kiuno ulishuka kidogo, kama mizani iliyowekewa mahindi upande mmoja. Mwaka uliofuata ulishuka zaidi. Watoto wako walikuona ukija. Ukija ulikuwa unatabasamu, na tabasamu huficha mengi.

Nilimwambia Mwikali, "Nyonga ya mama imeisha."

"Mama anatembea hivyo tangu zamani," akasema.

Lakini mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na upasuaji wetu mwingi ni wa mifupa. Mwendo ule nilikuwa nimeuona kwa wagonjwa wengi mno. Halafu habari zikaanza kuja zenyewe. Uliacha kwenda mwethya, ile kazi ya ushirika, kuchimba matuta na wenzako, wewe ambaye walikuita wakikosa wa kuanzisha wimbo. Ulianza kupalilia ndengu ukiwa umekalia ndoo. Kanisani wenzako walipopiga magoti, wewe ulibaki umeinama kwenye benchi, ukimwambia Mungu akusamehe. Picha ilipopigwa hospitalini kwetu, gegedu lilikuwa limekwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa kila hatua. Niliitazama ile picha kwenye taa, kisha nikakumbuka ni ya nani nikaiweka chini upesi, nikaona haya peke yangu.

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza, mama. Ndani ya nyumba mlikuwa na mtu anayezijua nyonga za kutengenezwa kama wewe unavyojua mbegu zako, na mtu huyo hawezi kutamka mbele yako neno paja. Nilimfundisha Mwikali jikoni kwetu. Nilichukua kinu na mchi. Nikamwambia shina la chuma linaingia ndani ya mfupa wa paja, juu yake kuna kichwa cha mviringo kama ncha ya mchi, na kichwa kinakaa kwenye kikombe kama mchi kwenye kinu. Kichwa kikiwa kidogo, ni rahisi kuchomoka mtu akijipinda vibaya. Kikiwa kikubwa hakichomoki upesi, lakini plastiki ya kikombe inabidi iwe nyembamba, na nyembamba huchakaa. Mwikali alisikiliza, kisha akasema, "Hii yote nitamwambia mama, lakini kinu changu usikiguse tena."

Siku ya kuonana na daktari mimi nilijibanza kwenye korido, nyuma ya mlango wa pili. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka upande wa ziwa, na aliweka mezani nyonga za mfano, mkazishika. Mwikali alinisimulia jioni, nami namwamini kwa sababu sauti zenu zote mbili alizitoa vizuri.

Ya kwanza alikuonyesha ile isiyotumia simenti. Uso wake ni wa kukwaruza, ili mfupa uote na kuushika.

"Daktari, huu mfupa yangu bado inaota kitu?" ukamuuliza. "Hata shamba ya chini imekataa."

Akacheka, akakubali kwamba kwa mfupa uliolegea kwa umri, simenti ndiyo ya kutegemewa. Akakuonyesha kichwa cha kauri, laini, kisichochakaa upesi. Ukasema vikombe vya kauri umevunja vingi. Akakuambia hiki si cha chai, hakivunjiki ovyo. Ukakishika, ukakirudisha kwa mikono miwili kama mtoto wa wenyewe.

Kisha akakupa ile ya kichwa ndani ya kichwa. Kidogo cha chuma kimefungiwa ndani ya kikubwa cha plastiki, na kikubwa nacho kinazunguka ndani ya kikombe cha chuma kilichong'arishwa. Inageukia mahali pawili. Hiyo ndiyo ngumu kuchomoka, akasema, ila itabidi iagizwe, na kwa sehemu mbili zinazosuguana kuna mahali pawili pa kuchakaa. Wewe ukakumbuka pampu ya maji ya kanisa, ile ya viungo vingi iliyoharibika kabla ya kuzinduliwa, ukatikisa kichwa.

Lakini kabla hujachagua, ulimuuliza swali. Hili swali nimelibeba hadi leo.

"Daktari, na mtu anayegeuka haraka?"

"Unageuka haraka kwa nini, mama?"

Mwikali anasema ulitazama leso yako. Ungesemaje? Huyo ni mwanamume mgeni, na kumtaja mkwe kwenye maneno ya nyonga ni aibu juu ya aibu. Ukasema, "Ni kuku. Nafukuza kuku."

"Hizo kuku watoto watafukuza," daktari akasema, akaandika ya kawaida: simenti, kichwa cha chuma, kikombe cha plastiki.

Mwikali aliponisimulia alicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilijua kuku ni mimi. Kesho yake nilimweleza daktari ukweli, nikiangalia viatu vyangu. Akanipiga bega. "Mwambieni tu asigeuke," akasema. Kwa mtu wa kwingine ni jambo dogo hilo. Ulikubali kila sharti: usikalie kigoda kifupi, usikunje miguu, usigeuke kwa ghafla. Mdomo ulikubali. Mwili haukuwa na habari.

Kuna jambo Mwikali hakukuambia, kwa kuwa nilimkataza. Nyonga yenyewe huja imefungwa kutoka kiwandani, lakini vyombo vya kupimia, na vichwa vya kujaribia, tunaviosha sisi. Vya kwako niliviosha mimi, mama, kimoja kimoja, nikavipanga kwenye sinia nikalifunga. Kisha nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda kukaa kwenye benchi la wageni kama mkwe yeyote. Kukuona umelala pale nisingeweza. Lakini nilitaka mkono wa nyumbani uwe umepita.

Ulitoka salama. Kwangu hukutaka kulala, na choo changu hukutaka hata kusikia kikitajwa, ingawa kilikuwa hatua chache kutoka hospitali. Ukaenda kwa dada yako Kibwezi. Nikamtafuta fundi akatengeneza kiti kirefu cha kukalia na kingine cha chooni, nikasema vimeletwa na watu wa kanisa. Ulimwambia Mwikali, "Waambie hao watu wa kanisa kwamba msumari mmoja umetokeza." Nikaenda na nyundo ulipokuwa kwenye ibada.

Sasa niseme siku ile ya Ikutha. Ulikuwa umesharudi kwako, unatembea na fimbo moja, kiuno kimenyooka. Nilileta kile kiti kirefu bila kupiga simu, nikijua ni siku ya soko, na siku za soko ulikuwa ukishinda kwa jirani. Hukuwa kwa jirani. Ulitokea nyuma ya zizi la mbuzi, tukakutana ghafla, kiti kikiwa mbele ya macho yangu, na kabla sijakiweka chini uligeuka kama ulivyogeuka siku ile na sufuria.

Niliusikia mlio. Nimeusikia mara nyingi kazini. Ukaanguka ubavu.

"Usikuje!" ukaniambia, leso tayari usoni. Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyowahi kuniambia moja kwa moja.

"Mama, nyonga imetoka."

"Ita Mwikali."

"Mwikali ako Kiboko."

Mbuzi walituangalia. Ulikuwa unapumua kwa shida na mguu umejikunja kuelekea ndani, umekuwa mfupi. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Basi funika uso. Mimi nimefunika yangu."

Nikavua shati, nikajifunga kichwani, nikaacha upenyo wa chini wa kuona mguu peke yake. Sikuuvuta, kwa sababu mguu kama ule hauvutwi uani. Nilikunja magunia nikayaweka katikati ya magoti, nikaushikilia ulivyokaa ili usitikisike. Na wakati nimeinama hivyo, shati kichwani, kifua wazi, na wewe umefunikwa leso, akaingia mfanyabiashara wa mbuzi na fimbo yake. Kwa haki ya Mungu, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Alipiga kelele "Mwizi!" akainua fimbo.

Ukainua sauti kutoka chini ya leso, sauti iliyokuwa ikianzisha nyimbo za mwethya. "Wacha yeye! Huyo ni mkwe wangu!"

Mama, nilikuwa nimekuwa mkwe wako miaka mingi na sikuwahi kukusikia ukisema hivyo. Nilishukuru kwamba uso wangu umefunikwa. Tulikupakia kwenye pikapu yake pamoja na mbuzi, wewe mbele, mimi nyuma, na tulipovuka Mto Athi nilikuwa nalia bado.

Ikarudishwa mahali pake ukiwa umelazwa usingizi. Kabla msimu wa mvua haujaisha nyonga ikatoka tena, na safari hii sikuwepo: ulisikia pikipiki ukadhani ni yangu. Daktari akasema sasa misuli imelegea na ukingo wa kikombe umelika, itaendelea kutoka. Akatoa njia mbili. Apasue tena, abadilishe kikombe na kichwa, aweke ile ya kugeukia mahali pawili. Au ukae kitini, usitembee peke yako tena. Ukasema kisu kimoja kinakutosha maishani. Ukasema utakaa.

Mwikali alirudi nyumbani akakaa sakafuni. Kukufikiria wewe umekaa, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, ilitushinda.

Ndipo wazee wakakusanyika kwenu kutafuta njia ya tatu. Mimi niliwekwa nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, nikasikia yote. Mzee mmoja akasema jambo ni jepesi: mkwe atoe mbuzi na blanketi, nthoni iondolewe, mama asiwe na sababu ya kugeuka. Nilishasimama kwenda kutafuta mbuzi. Mchungaji akaunga mkono, akasema haya mambo ni ya kale, hata mama mkwe wa Petro alishikwa mkono akainuliwa kitandani.

"Aliyemshika mkono ni Yesu," ukamjibu. "Petro alikuwa kando."

Wakacheka wote, hata mchungaji. Wewe hukucheka. Ukaendelea polepole, na mimi nikaweka sikio kwenye ukuta.

Ukasema, "Huyu kijana alikuja hapa na mbuzi wembamba na viatu vya kuazima. Mimi sikuwa na kitu ya kumpa. Nikampa heshima. Nimempa hiyo kila siku amekuja, hata siku nilikuwa mgonjwa. Sasa nikiiondoa, nitampa nini?"

Kuku walikuwa wakiparua miguuni pangu.

"Nirudisheni kwa daktari," ukasema. "Mwambieni si kuku. Mwambieni ni mkwe. Aniwekee ile ya kugeuka."

Watu huchagua nyonga kwa sababu nyingi. Nimewaona wanaouliza kama watapanda baiskeli, kama watabeba magunia, kama watapiga magoti mbele za Mungu. Wewe peke yako, katika wote niliowaona, ulirudi chini ya kisu ili uweze kuendelea kunionyesha mgongo. Kwa watu wengine kumpa mtu mgongo ni kumdharau. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta ule nikihisi nimepewa shamba.

Siku ya kuosha vyombo nilikishika kile cha kujaribia, kichwa ndani ya kichwa. Nikakigeuza huku, kikafuata. Nikakigeuza kule kwa ghafla, kikafuata, hakikuruka. Nikakigeuza tena na tena hadi mwenzangu akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Shina lilibaki lilelile. Wakabadilisha kikombe na kichwa, na hukuanguka tena maisha yako yote.

Hata hivyo sikutaka kukijaribu sana. Nikaanzisha desturi yangu: nikifika langoni kwenu nasimama, naimba ubeti mmoja, nakupa nafasi. Naimba vibaya, najua. Ulimwambia Mwikali, "Mwambie asimalize, nimeshageuka." Na nilipoingia nilikuta mgongo wako ukienda, hatua ndogo ndogo kama walivyokufundisha, kiuno sawasawa pande zote mbili. Sijaona kitu kilichonifurahisha hivyo katika kazi yangu yote. Ulirudi mwethya. Ulirudi kwenye ndengu zako bila ndoo. Mwikali anasema hata kupiga magoti ulipiga, na daktari asiambiwe.

Kifua ndicho kilichokuchukua, si nyonga. Hilo nalisema kwa sababu najua ungetaka pampu ile yenye viungo vingi isisingiziwe. Ulienda nayo, na iko nawe Ikutha, inang'aa huko chini mahali asipoiona mtu.

Sasa nikienda kwenu bado nasimama langoni. Juzi nilijikuta nimeshaanza ubeti, na Mami alikuwa nyuma yangu. "Baba, unamwimbia nani?" Nikafungua lango. Nina huzuni ambayo sijui niiite nini, kwa sababu mtu akiniuliza rangi ya macho yako sina jibu. Nimemlilia mtu ambaye uso wake siujui, na nimekulilia kuliko wengi ninaowajua.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa wazi chini ya hema, na mwenye kuongoza shughuli akatangaza kwamba familia wapite kutoa heshima za mwisho, watoto, wajukuu, wakwe. Foleni ikanisogeza. Mwikali alikuwa mbele yangu, alipita akilia. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba sasa naruhusiwa, kwamba kifo kimeondoa yote, nitazame tu.

Ulikuwa umelala chali, mama. Safari hii hukuweza kugeuka.

Basi nikageuka mimi. Polepole, hatua ndogo ndogo kama walivyokufundisha, hadi nikakupa mgongo wangu wote, nikasimama hapo kidogo ili uuone.

Ni mimi mkweo,
Baba Mami